Ondoa ile nobu ya UZEE

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto halijaacha vituko vyake, na goti hilo nitalirudia hapa chini kwa sababu lina kazi kwenye barua hii. Faili lako la sauti limefika. Nimelisikiliza kwa spika, nikalisikiliza kwa hedifoni, kisha tena nikiwa na kalamu mkononi. Halafu nikafungua programu yenyewe, hicho kinanda chako cha kompyuta kinachoiga vinanda vya umeme vya zamani, nikaiona ile nobu, kidude cha kuzungusha, uliyoiweka pembeni, kubwa kuliko wenzake wote, imeandikwa UZEE. Nikaizungusha mpaka mwisho. Nikacheka, halafu nikanuna.

Mimi ndiye mzee hapa. Uzee hauji hivyo.

Nimeusoma msimbo wako. Kila kitufe kinapobonyezwa unapiga kete: noti ipande au ishuke kidogo, filta, kile kichujio cha masafa ya juu, ifunguke zaidi au kidogo, sauti iwe kubwa au ndogo. Ndiyo maana kinanda chako kinasikika kama mlevi anayejitahidi kutembea kwenye mstari. Goti langu la kushoto linauma kila siku, hilohilo, na baridi ikizidi nalo linazidi. La kulia halijawahi kunisumbua hata siku moja. Kama leo lingeniuma goti, kesho kiwiko, keshokutwa sikio, daktari angesema naigiza.

Miaka ile nilipokuwa bado natengeneza vinanda, mteja mmoja aliniletea sinthesaiza, kinanda cha umeme kinachozalisha sauti zake chenyewe, ya sauti sita. Malalamiko yake: kuna noti inang'ata, lakini akiitafuta haipati. Nikabonyeza kitufe kimoja, polepole, nikihesabu. Ya kwanza laini. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, zote laini. Ya sita ikang'ata. Nikaanza upya, na ya sita ikang'ata tena. Mashine ile ilikuwa na saketi sita zinazopokezana zamu: kila ukibonyeza, inajibu inayofuata. Kwa hiyo noti ileile ilikuwa inatoka kwenye koo tofauti kila mara, na koo la sita lilikuwa na filta inayofunguka juu kidogo kuliko nyingine. Nikafungua mfuniko, nikachukua bisibisi ndogo, nikazungusha trima yake, kale ka skrubu ka kurekebishia, mpaka zote sita zikalingana. Nikajipongeza. Baada ya wiki jamaa akarudi na kinanda chake kwapani. "Mama, kimepoa. Kirudishe kilivyokuwa." Sikuweza. Sikuwa nimeweka alama mahali trima ilipokuwa imesimama kabla sijaigusa. Nilihangaika nayo jioni nzima, nikapata kitu kinachokaribia, lakini si chenyewe. Tangu siku hiyo sigusi trima ya mtu kabla sijaichora mstari wa kalamu.

Basi fanya hivi. Piga kete mara moja tu, siku kinanda kinapozaliwa. Mpe kila mmoja wa hao sita tabia zake: huyu yuko chini kidogo, huyu filta yake inachelewa kufunga, yule bahasha yake, yaani mwendo wa noti kupanda na kufifia, ina haraka. Rezista za zama zile mara nyingi zilitengenezwa kwa ruhusa ya kupotoka asilimia 5, na kapasita zilikuwa mbaya zaidi, kwa hiyo tofauti hizo hazihitaji kuwa kubwa ili ziwe za kweli. Ukishazipata, zifungie. Zisibadilike hata programu ikizimwa na kuwashwa.

Kinachobadilika ni joto, na joto halina haraka. Saketi inayogeuza volti kuwa masafa, volti moja kwa kila oktavu, inategemea transista ambayo kipimo chake kinahama kwa sehemu moja ya 300 hivi kwa kila nyuzi joto. Piga hesabu mwenyewe. Noti iliyo oktavu 5 mbali na pale kinanda kilipowekewa kituo ni nusu-toni 60. Gawa kwa 300, unapata moja ya tano ya nusu-toni kwa kila nyuzi. Sikio linaisikia. Mafundi waliweka rezista maalumu inayohama kinyume ili kufidia, na fidia haikuwa kamili. Lakini angalia kitu hiki ambacho kete zako hazikijui: noti iliyo kwenye kituo chenyewe karibu haihami kwa sababu hiyo, na ya mbali ndiyo inateleza. Na kwa kuwa oskileta zote, saketi zinazozalisha mawimbi ya sauti, ziko ndani ya sanduku moja, nyingi zinapata joto pamoja na kuteleza pamoja. Kinachobaki kati yao ni tofauti ndogo. Ukitaka kuiga hilo, tengeneza namba moja ya joto la sanduku inayotembea kwa dakika, si kwa noti.

Na usiwapake wote tope moja. Naona unataka nobu hiyohiyo itumike pia kwenye nakala yako ya Juno-106, ile sinthesaiza ya Roland. Hiyo ni ya mwaka 1984, na oskileta zake zinahesabiwa kutoka saa ya fuwele, kwa hiyo hazitelezi. Upana wake unatoka kwenye korasi, ile athari inayofanya sauti moja isikike kama nyingi, na chipu za korasi ile zinapokezana sauti kwa ndoo, kapasita hadi kapasita, kama watu waliojipanga kuzima moto. Ukiitia mtelezo unamzulia ugonjwa asiokuwa nao.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: kila noti inapoanza, wewe unarudisha mawimbi yote mwanzoni, sifuri. Kwenye sinthesaiza kama Minimoog oskileta hazilali. Zinazunguka mchana kutwa hata hakuna anayebonyeza kitu. Kitufe kinafungua mlango tu, na mlango unafunguka wimbi likiwa popote lilipo. Oskileta mbili, moja kwenye 440 Hz na nyingine 440.5, zinakutana na kuachana mara moja kila sekunde mbili, na mpigaji anaingia katikati ya safari hiyo. Ndiyo maana mianzo ya noti mbili haifanani kamwe. Wewe unapata kichwa kilekile cha noti kila mara, kama muhuri. Futa mstari mmoja wa msimbo, utashangaa.

Kuhusu noti za juu: kuna nyenje ndani ya faili lako. Umelichora wimbi la msumeno kwa kupanda taratibu na kuanguka ghafla, hesabu safi kabisa, na hapo ndipo kosa lilipo. Msumeno safi una hamoniki, masafa yaliyo mara mbili, mara tatu na kuendelea ya noti, zisizo na mwisho, na kwa sampuli, yaani vipimo vya wimbi, 44,100 kwa sekunde kompyuta haiwezi kubeba chochote kinachozidi 22,050 Hz. Kinachozidi hakipotei, kinajikunja na kurudi chini. Chukua noti ya 5,000 Hz. Hamoniki ya tano ni 25,000, inarudi ikiwa 19,100. Ya nane ni 40,000, inarudi 4,100. Ya tisa ni 45,000, nayo inarudi ikiwa 900 Hz, chini kabisa ya noti uliyoipiga, na haina uhusiano wowote wa kimuziki nayo. Unapoipandisha noti, baadhi ya nyenje hao wanashuka. Dawa ni kuilainisha ile kona ya kuangukia kwa sampuli chache tu kuizunguka. Tim Stilson na Julius Smith wa Stanford waliieleza njia ya aina hiyo mwaka 1996, na njia nyepesi zilizotokana nayo utazipata bila shida.

Sasa filta, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Umeiga ile ya Bob Moog, mtengenezaji wa sinthesaiza wa Marekani, iliyopata hataza mwaka 1969. Inaitwa ngazi kwa sababu ukiichora unaiona ngazi kabisa: transista jozi juu ya jozi, na kati ya kila jozi kapasita imelala kama kipago. Vipago vinne. Juu ya kikomo, masafa ambapo filta inaanza kukata, kila kimoja kinapunguza desibeli 6 kwa oktavu, jumla 24, na hilo umelipata vizuri. Nobu ya rezonansi, inayokuza masafa ya kikomo, inachukua kinachotoka, inakigeuza, inakirudisha kule sauti inakoingilia. Kwenye masafa ya kikomo kila kipago kinalichelewesha wimbi nyuzi 45 za mzunguko wake wa 360 na kulipunguza hadi 0.707 ya kimo chake. Vyote vinne: nyuzi 180, na robo ya kimo. Kwa hiyo mrejesho ukifika 4, kinachorudi kinatosha kujilisha, na filta inapiga mluzi yenyewe bila kupewa kitu. Hesabu hiyohiyo inakuambia kwa nini besi inakimbia rezonansi inapopanda: kwenye 4, sauti za chini kabisa zinabaki na moja ya tano ya kimo chake. Nimeona umeongeza besi kwa mkono "kurekebisha". Iondoe. Wapigaji waliijua njaa hiyo ya besi na walipiga wakiizingatia.

Tatizo lako ni mzunguko huo wa kurudisha. Ili ujue kinachotoka unahitaji kinachorudi, na kinachorudi ndicho kinachotoka. Wewe umekwepa kwa kurudisha sampuli iliyopita. Kwenye 100 Hz kuchelewa huko si hata nyuzi moja. Kwenye 5,000 Hz ni karibu nyuzi 41, na zile 180 zinatimia mapema, chini ya pale ulipoiweka nobu. Ndiyo sababu ukiipandisha filta, kilele chake kinabaki nyuma ya kidole, na umelazimika kuizuia rezonansi isifike kwenye mluzi kwa kuogopa namba zilipuke. Usicheleweshe. Iandike kama mlinganyo ambao jibu liko pande zote mbili, kisha uutatue. Kwa filta iliyonyooka, inayojibu kwa uwiano uleule sauti ikiwa ndogo au kubwa, ni aljebra ya ukurasa mmoja, na wewe aljebra hukuwahi kuishindwa.

Ila filta haijanyooka. Jozi ya transista ikipewa milivolti 50 hivi inakuwa imeinama waziwazi, na umbo la kuinama huko kwenye hesabu ni tanh, mchoro wenye umbo la S. Wewe umeiweka tanh moja mwishoni, kama chumvi inayonyunyizwa chakula kikiwa mezani. Antti Huovilainen alionyesha mwaka 2004 namna ya kuiweka ndani ya kila kipago. Tofauti utaisikia ukipitisha sauti kubwa filta ikiwa inapiga mluzi: kwenye ngazi ya kweli mluzi unainamisha kichwa, unapisha, kisha unarudi noti inapofifia. Kwako unakaa palepale juu ya kila kitu, kama mgeni asiyejua kuaga. Ukishaweka tanh ndani, aljebra ya ukurasa mmoja haitoshi tena, utakisia na kusahihisha mara mbili tatu kwa kila sampuli kwa njia ya Newton. Na kuinama kunazaa hamoniki mpya, kwa hiyo nyenje watarudi kupitia mlango wa nyuma. Endesha filta kwa kasi mara mbili au nne ya ile ya kawaida, kisha uichuje unaposhusha. Kompyuta yako italalamika. Iache ilalamike.

Ukimaliza, nitumie faili moja tu. Noti ileile, mara 18, hakuna korasi, hakuna mwangwi, hakuna nobu ya UZEE. Usiniambie hesabu inaanzia sauti ya ngapi kati ya sita. Nikiweza kukuandikia kwa kusikia tu ni ipi iliyoumwa goti, nitakuja kuisikia kwa spika zako.

Mama yako