Inhela ya kahawia si ya wanaosubiri kufa

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita katika safu hii msomaji mmoja aliwaonya wazazi wenye watoto wa pumu wasikubali waanzishiwe inhela, lile kopo la dawa ya kuvuta kwa mdomo, eti ina steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) na inazoesha, na aliyekwisha kuizoea haachani nayo mpaka kaburini. Barua ile niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa juu ya benchi la kazi, vumbi la mbao limenijaa mpaka kwenye kope. Mimi ni fundi seremala hapa Keko, huu mwaka wa ishirini na mbili, na pumu ninayo. Naomba nafasi nimjibu, maana maneno hayo hayo niliyaamini miaka mingi na nusura yanizike.

Kwanza tuelewane ni inhela gani. Hapa karakana kila mwenye kifua anaijua ya bluu, yaani salbutamoli. Kifua kikibana unavuta mbili, baada ya dakika chache pumzi inarudi, nawe unarudi kwenye randa. Siisemi vibaya, imeniokoa sana. Lakini kazi yake ni kulegeza misuli iliyokaza kuzunguka njia za hewa, basi. Ule uvimbe ulio ndani ya njia zenyewe, unaozifanya zikasirike kwa vumbi kidogo, kwa moshi wa jirani anayekaanga samaki, kwa baridi ya alfajiri, haiugusi. Baada ya saa nne au sita nguvu yake inaisha na uvimbe uko pale pale.

Siku moja tabibu wa kituo cha afya aliniuliza kwa mwaka namaliza makopo mangapi ya bluu. Sikujua. Nikarudi karakana, nikapindua ndoo ninayotupia misumari iliyopinda, nikahesabu makopo matupu kumi na moja. Nilimpelekea kwenye mfuko wa rambo nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema anayefika matatu kwa mwaka pumu yake imeshaanza kumshinda, na anayemaliza kumi na mawili, moja kila mwezi, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa kwa pumu. Mimi nilikuwa nimebakiza moja. Aliniambia pia kwamba tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu, ile ya GINA, haishauri tena mtu mzima atibiwe kwa ya bluu peke yake.

Ndipo akaniandikia ya kahawia. Yangu ni beklometasoni. Wengine wanaandikiwa budesonidi au flutikasoni. Zote ni steroidi za kuvuta. (Rangi isikudanganye, kila kiwanda kina yake. Soma jina.) Tabibu alinieleza kwa maneno ya kitabibu, mimi nikaielewa kifundi: hii ni dawa ya mchwa. Dawa ya mchwa hungoji mguu wa kitanda uliwe ndipo upake. Unapaka mbao ikiwa nzima, halafu miaka inapita huoni kitu, na huko kutoona kitu ndiyo kazi yake. Inhela ya kahawia inatuliza ule uvimbe polepole, siku kwa siku. Ukiivuta umeshabanwa usiku wa manane haitakuokoa. Hapo bado ni ya bluu, na ya bluu isipokupa nafuu, au ukiona huwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati, kimbia hospitali.

Sasa makosa yangu, maana nimeyafanya karibu yote.

Wiki ya kwanza niliivuta na sikusikia chochote. Ya pili vile vile. Nikaanza kusema nimeuziwa upepo. Wiki ya tatu mke wangu akaniuliza asubuhi, "Baba, jana hukukohoa?" Nilikuwa nimelala mpaka alfajiri bila kuamka kukaa kitako. Nikaendelea hivyo miezi miwili, ya bluu ikawa inakaa mfukoni mpaka inashika vumbi. Ramadhani ilipoingia nikajiambia nimepona, tena nisije nikaharibu funga yangu kwa dawa, nikaiweka kabatini. Mwezi mzima sikuivuta. Siku ya tatu ya Idd, saa nane usiku, kifua kilifunga kama mlango uliovimba kwa mvua. Nilibonyeza ya bluu mara nisizojua idadi. Mke wangu ndiye aliyetafuta bajaji, mimi sauti ya kusema twende haikuwepo. Hospitali waliniwekea oksijeni na mashine ya mvuke, kisha prednisoloni, yaani steroidi ya kumeza, vidonge vinane vya miligramu 5 kila siku kwa siku tano.

Na kumbe dawa yenyewe ni asubuhi na jioni tu. Ningeivuta baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri, na tena baada ya kufuturu, funga isingeguswa kabisa. Anayebanwa mchana ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa yake. Nalisema hili kwa kuwa najua ndugu zangu wengi kila mwaka wanafanya nilivyofanya mimi.

Nikairudia ya kahawia, safari hii kwa hofu, bila kuruka hata siku moja. Baada ya kama mwezi sauti ikaanza kukwaruza. Halafu nikaona utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu, nikiufuta panabaki pekundu panauma. Mhariri, mitaa yetu hii utando mweupe mdomoni kila mtu anajua unamaanisha nini, au anadhani anajua. Siku tatu nilikula uji peke yangu karakana. Siku ya nne mke wangu aliniona nikipiga mswaki. Hakusema neno. Alikunja kanga yake, akakaa kitandani, akanitazama, na ule ukimya wake ulinitesa kuliko kubanwa kifua. Asubuhi tukaenda kupima Ukimwi wote wawili. Hatukuwa na kitu.

Mnasihi pale, mama mtu mzima, akaniuliza natumia dawa gani. Nikamwambia hakuna, inhela tu. Akaniuliza, "Ukishavuta unasukutua?" Nikamuuliza nisukutue nini. Mama yule alitikisa kichwa. Akanieleza kwamba sehemu kubwa ya dawa inayotoka kwenye kopo inaishia mdomoni na kooni, na ikibaki pale inapunguza kinga ya mahali hapo, fangasi wanaota. Nikapewa dawa ya maji ya fangasi ya kuzungusha mdomoni, ule utando mweupe ukaondoka. Tangu siku hiyo inhela yangu ya kahawia inakaa kwenye kikombe cha miswaki: navuta kwanza, ndipo napiga mswaki, nasukutua mpaka kooni, natema. Natema, simezi. Kazi ya nusu dakika, na kwa kukosa kuambiwa neno moja, "sukutua", ndoa yangu ilipita kwenye tundu la sindano.

Mama huyo alinipa jingine ambalo silisikii likisemwa. Ndugu zetu wanaotumia dawa za kufubaza virusi zenye ritonaviri ndani yake, aghalabu walio kwenye mstari wa pili, yaani waliobadilishiwa dawa za mwanzo, wasianze inhela ya steroidi bila kumwambia daktari. Ritonaviri inazuia ini lisiivunje flutikasoni wala budesonidi, dawa inajilimbikiza mwilini mpaka inaleta madhara kama ya kumeza vidonge vya steroidi. Zipo zinazofaa zaidi, beklometasoni ikiwa mojawapo. Lakini daktari hawezi kuchagua kama umemficha.

Kuvuta kwenyewe nako kuna ufundi wake, na miaka yote nilikuwa naharibu. Tabibu aliponiambia nimwonyeshe ninavyofanya, nilibonyeza kopo, moshi ukanitoka puani kama mvuta sigara. Alisema, "Fundi, hapo umenyunyizia chumba." Inavyotakiwa: unatikisa kopo, unatoa pumzi yote, unafunga midomo kuzunguka mdomo wa inhela, unaanza kuvuta polepole na kwa kina huku unabonyeza mara moja, unaendelea kuvuta, kisha unaibana pumzi kwa hesabu ya kumi. Unangoja nusu dakika, unatikisa, unarudia. Inhela zile za unga ni kinyume, hizo zinavutwa kwa nguvu na haraka. Usimuige jirani.

Binti yangu ana miaka tisa, amerithi kifua changu, na kulinganisha kubonyeza na kuvuta kulimshinda. Yeye anatumia spesa, yaani chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo, na spesa yake nimeitengeneza mwenyewe kwa chupa ya maji ya nusu lita. Msicheke. Huko Cape Town, Profesa Heather Zar na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita iliyozibwa vizuri inawafaa watoto waliobanwa na pumu sawa na spesa ya dukani. Unapasha moto waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela, unatoboa kitako cha chupa, unachomeka inhela, unaziba pembeni kwa gundi pasipenye hewa. Mtoto anaweka mdomo wa chupa mdomoni mwake, unabonyeza mara moja, anapumua taratibu mara tano au sita ndani ya chupa. Kabla ya kuanza, ioshe kwa maji ya sabuni, iache ijikaushe yenyewe. Usiisugue kwa kitambaa: plastiki iliyosuguliwa inapata umeme tuli, dawa inanasa kwenye kuta za chupa badala ya kumfikia mtoto. Na dawa ikipita kwenye chupa, ile inayobaki mdomoni inapungua. Kusukutua hata hivyo anasukutua.

Sasa nirudi kwa msomaji wetu na neno lake "steroidi". Simlaumu kuliogopa, nami niliogopa. Lakini apige hesabu. Mimi navuta mikrogramu 100, mbili asubuhi, mbili jioni. Jumla 400, ambayo haifiki hata nusu miligramu. Baada ya usiku ule wa Idd nilimeza miligramu 40 kwa siku, zikapita kwenye damu na kwenda mwili mzima. Najua dawa hizi mbili hazipimwi kwa mizani moja, nguvu zake zinatofautiana, ila atakayeikimbia ile ndogo ya kuvuta ndiye atakayeishia kumeza hizi kubwa mara kwa mara. Kuhusu watoto kudumaa, lipo jambo la kweli hapo na halifai kufichwa: utafiti wa Marekani uliowafuatilia watoto waliotumia budesonidi hadi utu uzima, ukachapishwa 2012, uliwakuta ni wafupi kuliko wenzao wasioitumia kwa sentimita 1.2. Mimi ni mtu wa kupima. Hiyo ni kama upana wa kucha ya kidole changu. Nimeiweka kwenye mizani dhidi ya mtoto asiyelala, asiyekimbia na wenzake, anayekosa shule, nikachagua. Dozi ya binti ni ndogo kuliko yangu, na kila baada ya miezi michache tunarudi kliniki kuona kama inaweza kupunguzwa tena. Inapunguzwa na tabibu, hatupunguzi sisi. Nilipopunguza mwenyewe mwajua kilichotokea.

Haya ndiyo ya kumwambia mtu anayesema inazoesha. Haikuzoeshi, ugonjwa ndio haujaondoka. Miwani nayo ukiivua huoni, na sijasikia mtu akisema miwani inazoesha.

Manung'uniko yangu ni kwa wengine. Maduka ya dawa niliyoyazungukia mtaani kwangu ya bluu wanayo, ya kahawia unaambiwa njoo kesho, na kesho yake njoo Jumatatu. Ikipatikana, kopo moja linakula faida yangu ya stuli mbili. Budesonidi ya kuvuta imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani; sasa muhimu gani hii isiyofika mtaani? Na wauzaji wa dawa, nawaomba: mteja akija kununua ya bluu kwa mara ya tatu ndani ya miezi michache, msimpe chenji mkanyamaza. Mwulizeni kama ana ya kahawia. Manesi nanyi, mkimkabidhi mtu kopo mwambieni avute mbele yenu, na mtaje kusukutua.

Kopo langu lina mibonyezo 200. Nikivuta nne kwa siku linaisha siku ya hamsini, kwa hiyo naandika tarehe ya kuanza kwa penseli ile ile ninayoweka sikioni. Wapo wanaolitumbukiza majini waone kama linaelea. Kipimo hicho ni cha uongo, na maji yanaharibu kopo. Vumbi la mvule nimelipunguza pia: nanyunyizia sakafu maji kabla ya kufagia, napiga msasa nje, navaa barakoa. Dawa haikunipa kibali cha kula vumbi.

Kwa mzazi yeyote wa Keko na Chang'ombe ambaye mtoto wake ana inhela na hana spesa: niletee chupa mpya ya nusu lita na hiyo inhela yenyewe, kwa sababu midomo ya inhela haifanani na tundu lazima nilipime. Chupa moja mtoto mmoja, hazichangiwi. Sitozi kitu. Ijumaa mchana sipo.

Fundi Seremala,
Keko, Dar es Salaam