Barua kwa Kaka Deo, kuhusu kihamba cha chini

Burlington, Vermont
3 Novemba 2024

Kaka Deo,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itawakuta wazima wewe, Mama, wifi Resti na watoto. Mimi sijambo. Kazi ya usiku ipo, baridi imeshaingia, na juu ya hayo mawili sina la kuongeza.

Ujumbe wako wa Jumatano ulinikuta kazini. Nimeusoma mara tatu. Milioni tatu, na kabla ya Krismasi, ili ikatwe migomba ya kihamba cha chini, ing'olewe kahawa, zijengwe fremu nne kando ya barabara. Sikukupigia simu kwa sababu nilijua ama nitalia, ama nitatamka neno ambalo mdogo hamwambii mkubwa wake. Ndiyo maana nimeandika. Isome taratibu, kisha umsomee Mama, halafu mpigie Frenki Dar naye asikie. Kihamba ni shamba la ukoo, si jambo la watu wawili.

Jana ilikuwa siku ya Marehemu Wote. Nilitoka misa nikakaa kwenye ngazi za kanisa, nikamfikiria Baba. Kaka, kutoka kaburi lake mpaka hiyo barabara ni hatua ngapi? Nimezihesabu kichwani, hazifiki arobaini. Na Babu yuko palepale chini ya mringaringa. Watoto wako watawasha mishumaa yao wapi, nyuma ya saluni na duka la vocha?

Najua utasema kahawa hailipi. Sibishi, nilikuwepo. Nakumbuka mikono ya Baba ilivyokuwa ya bluu kwa mrututu, bomba la dawa mgongoni, na bado ugonjwa wa chulebuni ukatumalizia matunda. Ile mikahawa ni ya aina za zamani, N39 na KP423, usipoipulizia dawa inakufia mbele ya macho yako. Lakini Lyamungo ni mbali gani na kwetu Uru? TaCRI, watafiti wa kahawa wa pale, wana miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani tangu miaka ya 2000. Jirani zetu wa Kibosho wameshapanda. Sisi tumebaki kuilaumu kahawa.

Halafu kuna jambo linaloniuma kuliko hata fremu zako. Mwezi wa nane Mama aliniambia ameuza mikungu mitano ya ndizi mshare kwa yule dalali wa gari jekundu, sh. 6,000 kila mmoja. Siku hiyohiyo nilimpigia Shangazi Flora akiwa sokoni Mbuyuni, akaniambia mkungu kama huo pale ni sh. 14,000. Mkungu haupandishwi kwenye mzani, unapimwa kwa jicho, na jicho ni la mnunuzi. Mama amesimama peke yake njiani, ndizi zimeshakatwa, utomvu umemkaukia vidoleni na kwenye mpini wa panga. Atakataaje? Akikataa leo, keshokutwa zinaanza kuiva, na nani anapika mtori kwa ndizi mbivu? Nilikata simu nikashindwa kula. Tofauti ile ya sh. 8,000, mara mikungu mitano, mara miaka yote ambayo Mama amelima, ndiyo ada zetu, Kaka. Ndiyo sababu mimi niko huku.

Sasa nikueleze nilichokipata, maana nyumbani mnajua tu kwamba Anjela anafua mashuka ya hospitali.

Mwaka 2022 niliingia kwenye mafunzo ya ukulima kwa watu waliotoka nchi nyingine. Tuko Wanepali waliofukuzwa Bhutan, Wasomali Wabantu, Warundi, Wakongo, na Mchaga mmoja. Darasa linaanza Januari, theluji ikiwa magotini, kwa hiyo hakuna anayeshika jembe. Tunashika kalamu. Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza: fungu moja la mchicha linakugharimu kiasi gani mpaka lifike mezani kwa mnunuzi? Mbegu, mbolea, maji, nauli, na saa zako mwenyewe? Nikanyamaza. Nimeshika jembe tangu nikiwa na miaka sita, na sikuwa na jibu. Mama naye hana jibu, na dalali analijua hilo. Siku hizi nina daftari, kila shilingi inayoingia shambani imeandikwa, na bei yangu naitaja bila kuinamisha kichwa.

Siku nyingine alituonyesha picha ya shamba: miti mirefu juu, migomba katikati, kahawa chini yake, magimbi chini kabisa, na mfereji mdogo unapita. Akasema huu ni mfano wa kilimo kinachotunza ardhi kwa mamia ya miaka. Nikainua mkono nikasema, hapo ni kwetu. Darasa zima likageuka kunitazama. Kaka, sijawahi kujivuna namna ile tangu nizaliwe. Shimbwe Juu, ambako tulikuwa tunakwenda kwa miguu kumsalimia Bibi mzaa mama, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilikitambua kihamba chao mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Dunia inakitambua kihamba cha jirani, na wewe unataka kukifyeka cha kwetu.

Shamba langu ni robo ekari, pembeni ya mto Winooski. Ni dogo kuliko pale Mama anapolima maharage ya vuli. Lakini nina wateja 32, na wote wananilipa mwezi wa tatu, kabla sijatia mbegu hata moja ardhini. Mtindo huu hapa Marekani ulianza mwaka 1986 kwenye mashamba mawili, moja Massachusetts na jingine New Hampshire. Mteja analipia msimu mzima, mkulima ananunua mbegu na mbolea bila kukopa, na kila wiki mteja anachukua boksi lake: mchicha, mnavu, maharage mabichi, nyanya, maboga. Najua utasema hiyo si ndiyo butura ya Kagera, ya kuuza kahawa ingali maua? Hapana. Kwenye butura mwenye pesa anakuotea wakati wa shida na kukununua kwa bei ya kutupa, mavuno yakija mema faida ni yake. Huku bei nimeipanga mimi, na hasara tunabeba pamoja.

Hilo la hasara nimelishuhudia. Julai 2023 mto ulipanda usiku. Mboga ikishaguswa na maji ya mafuriko hairuhusiwi kuuzwa, hata kama inang'aa, kwa hiyo shamba lote likawa si kitu. Siku ya kugawa maboksi nilisimama pale na meza tupu, nimejiandaa kwa matusi. Akaja mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu, amevaa buti za mvua. Akaniambia hakulipia mchicha peke yake, alilipia shamba liwepo. Akachukua reki. Hakuna hata mmoja kati ya wale wote aliyedai pesa yake. Mwaka huu, Julai tarehe zilezile, maji yakarudi, na watu wakarudi na reki zao.

Mkulima mwenzangu wa jirani ni Mama Furaha, Mkongo wa Uvira. Mchicha anauita lengalenga, kisamvu anaita sombe, na mara ya kwanza tulipoongea Kiswahili shambani tulikumbatiana kama watu waliopotezana sokoni. Yeye alinionyesha kuvuna lengalenga kwa kukata juu ili ichipue tena, mimi nikamfundisha kuchemsha mnavu na kumwaga maji ya kwanza. Trekta dogo tunalitumia kwa zamu. Chumba cha baridi ni kimoja, kila mtu na kreti zake. Kila Jumamosi sokoni, mwenye kadi ya serikali ya chakula akinunua kwetu anaongezewa kuponi za kununulia mboga na matunda, kwa hiyo hata asiye na kitu anakula mboga mbichi, na mimi nalipwa bei kamili. Zinazobaki jioni tunapeleka kwenye stoo ya chakula cha bure. Hakuna fungu linalooza.

Na shule. Tangu mwaka 2023 sheria ya Vermont inampa kila mtoto wa shule za umma chakula cha bure, na shule ikifikisha asilimia 15 ya manunuzi yake ya chakula kutoka humuhumu jimboni, inapewa fedha za motisha. Mwezi wa tisa maboga yangu yalipelekwa shule mbili. Niliyapakia mwenyewe kwenye gari nikiwaza ile shule yetu ya juu ya kanisa, wazazi wanachangia mahindi na maharage, watoto wanakula makande matupu wiki nzima, na bondeni pale akina mama wanawalisha ng'ombe mchicha uliokosa mnunuzi.

Usinielewe vibaya. Sisemi Wazungu watufundishe kulima. Haya ya kushikana mikono tuliyajua kabla yao. Wazee wa mlima walianzisha chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, kikazaa chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Kadi ya uanachama ya Babu iko kwenye sanduku la Mama, chini ya vitenge. Baba alitusimulia kwamba vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, Babu alikaa barazani mpaka usiku bila kuonja chakula. Viliporudishwa yeye alikuwa ameshazeeka, na sisi tulikuwa tumeshazoea kila mmoja kusimama njiani kwake akimsubiri dalali. Chuo Kikuu cha Ushirika kiko Moshi mjini, daladala moja tu, na nyumbani kwetu hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuingia kuuliza chochote. Mimi nikiwemo.

Kwa hiyo Kaka, milioni tatu ya fremu sitatuma. Samahani. Na niseme hili, maana limekaa moyoni tangu 2021: pampu ya maji niliyokutumia pesa yake uliiuza bila kuniambia. Ulisema ilikuwa ada ya Prisca. Ungenieleza ningetuma ada, na pampu ingebaki. Sikuandika ili kukuaibisha mbele ya Mama, nimeandika ili tusirudie.

Nitatuma milioni moja na nusu, kwa mafungu matatu, kwa namba ya Mama. La kwanza ni miche ya kahawa kutoka Lyamungo, ya kujazia pale ilipokufa, pamoja na bwana shamba aje akae na jumuiya ya Mama siku mbili. Wageuze kipande kile cha karibu na mfongo, mfereji wetu wa maji, kuwa shamba darasa, wajifunze kupogoa na kuweka daftari. La pili ni mzani. Ule mkubwa wa kuning'iniza, wenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, utakaokaa kwa Mama na kutumiwa na akina mama wote kumi na saba wa jumuiya. La tatu ni pikapu ya kukodi mara moja kwa wiki, iteremshe ndizi zote kwa pamoja mpaka Mbuyuni. Hapo ndipo ninapokuhitaji wewe. Una leseni, unaijua barabara ile hata wakati wa masika, na wauzaji wa Mbuyuni wanakuheshimu. Ulipwe kwa kila safari, si bure. Na kama roho yako iko kwenye fremu, jenga moja pale lilipokuwa banda la nguruwe. Hapo hakuna kahawa wala kaburi. Iuze mboga za jumuiya, na kamwombe mwalimu mkuu aanze kuchukua kwenu mchicha wa shule, hata Ijumaa peke yake.

Krismasi sitakuja tena. Ni ya nne hii. Nikiona picha za magari yanavyopanda mlima Desemba, na moshi wa nyama, na Mama amevaa kile kitenge cha njano, simu naifunika. Mwaka jana nilipika mtori kwa ndizi za dukani, haukuwa mtori. Baba tulimzika mimi nikiangalia kwenye kioo kidogo cha simu, na sijui kama nitawahi kumaliza hilo.

Ningekuwa nyumbani ningekuja kwako na jani la sale mkononi, nikuombe radhi kwa ukali wa barua hii kama Babu alivyotufundisha. Nenda uchume jani moja pale mpakani, umpe Mama, umwambie ni langu kwako.

Halafu nifanyie jambo moja kabla sijatuma fungu la kwanza. Jumamosi hii muulize dalali wa gari jekundu mkungu mmoja wa mshare ananunua shilingi ngapi shambani, kisha mpigie Shangazi Flora akuambie Mbuyuni ni shilingi ngapi. Niandikie bei zote mbili.

Mdogo wako,
Anjela