Athumani na mtungi

Pune, India, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi, mimi mzima, mvua tu za huku zimenikomesha. Kimya changu nisamehe. Lile swali lako, kama Athumani alikuwepo kwenye hitma ya bibi, limeninyima usingizi.

Siku ile sikumtafuta wala sikumuwaza, nilikuwa na masufuria yangu. Lakini niliposoma ujumbe wako, papo hapo nikajua: hakuwepo. Nimejuaje? Hitma imekwisha, majamvi yamekunjwa, mimi niko ng'ambo!

Basi usicheke. Somo letu la falsafa ya Kihindu limefika kwa Kumarila Bhatta, mwanafalsafa wa karne ya 7, na mfano wake ndio huu huu. Mtu alikuwa mahali, baadaye anaulizwa kama fulani alikuwepo, naye hata hakuwa amemuwaza, anajua hakuwepo. Macho hayamo tena. Kumbukumbu nayo haitoshi, atakumbukaje asichowahi kukijua? Kwa hiyo, anasema, hii ni njia ya sita ya kujua, anupalabdhi: kule kutoona kwenyewe kunakujulisha. Watu wa Nyaya, kundi jingine la wanafalsafa hao, wanabisha kwa mfano wa mtungi usiokuwepo sakafuni, kwamba jicho linaloona sakafu ndilo hilo hilo linaloona kuwa mtungi haupo. Prabhakara, mwanafalsafa mwingine, ndiye mkavu: umeona sakafu, basi, kingine unatafuta nini?

Hao Nyaya wanasema pia mtungi ukivunjika, kutokuwepo kwake kuna mwanzo lakini hakuna mwisho. Nilipoandika hilo nikamkumbuka bibi, nikafunga daftari.

Turudi kwa Athumani. Kuna sharti: kitu kiwe kile ambacho kingekuwepo kingeonekana. Usipouona mtungi gizani hujajua lolote. Na Athumani kwa sauti ile, kwa udi ule, angekuwepo nani asingejua? Ndivyo nilivyojiambia, mpaka usiku huu nikakumbuka wanaume walikaa barazani, mimi uani na moshi wangu. Gizani kabisa! Kwa hiyo lile "hakuwepo" nililokujibu, ngoja kwanza...

Kwani unaulizia nini hasa? Ni zile pesa? Bi Zuhura ndiye aliyegawa sahani za nje, umemuuliza? Na khanga yangu ya kijani, ipo kwako au nako nimeitafuta gizani?

Wako,
Rukia