Mjomba, unamleta Ali wa mwaka gani?

Shikamoo mjomba,

Ubishi wetu wa mabondia Muhammad Ali na Mike Tyson, nani angeshinda kama wangekutana, nimeuleta hadharani, maana nyumbani ukizidiwa hoja unakimbilia kunikumbusha nani alizaliwa kwanza.

Kila tukiwapandisha ulingoni, Ali wako anakuja na miguu ya 1966 na moyo wa 1974. Bondia huyo hakuwahi kuwepo. Yule aliyemmaliza Cleveland Williams kwa raundi 3 kule Houston, Novemba 1966, alikuwa hakamatiki. Mwaka uliofuata akanyang'anywa ubingwa kwa kukataa jeshi, akakaa zaidi ya miaka 3 bila pambano. Aliyetua Kinshasa 1974 kupigana na George Foreman alikuwa na miaka 32 na mwendo ulishapungua, ndiyo maana akaegemea kamba na kumwacha Foreman ajichoshe mpaka raundi ya 8.

Sasa mwegemeze huyo kwenye kamba mbele ya Tyson wa 1988! Foreman alirusha makonde mapana, unayaona yanakuja. Tyson aliingia kwa chini, kichwa hakitulii, anaanza na mbavu ndipo anapanda kidevuni. Michael Spinks, ambaye hakuwa amewahi kupoteza pambano, alidumu sekunde 91. Ali wa Kinshasa simpi zaidi ya raundi 5.

Ali wa 1966 ni habari nyingine, na hapo nakubaliana na wewe. Alimzidi Tyson urefu kwa sentimita kama 13, na mkono wake wa kushoto ulikuwa haulali. Buster Douglas alitumia dawa hiyohiyo Tokyo 1990, akamwangusha Tyson raundi ya 10, na Douglas hakuwa na hata nusu ya kasi ya Ali. Ila usijidanganye kwamba angetoka bila vumbi. Henry Cooper alimkalisha chini 1963 kwa mkono wa kushoto, Joe Frazier akarudia 1971 kwa mkono huohuo, na kushoto kwa Tyson unakujua. Mimi naona Ali anaanguka raundi ya 2, anainuka, anashinda ya 9 au ya 10.

Na wale rafiki zako wa kijiweni waache hesabu zao za bondia Trevor Berbick: alimpiga Ali 1981, Tyson akampiga yeye 1986, basi Tyson zaidi. Ali wa siku hiyo alikuwa anakaribia miaka 40, mgonjwa mtarajiwa.

Kompyuta nayo iliwahi kuulizwa nani angeshinda kati ya Ali na Rocky Marciano, bingwa wa zamani, nao wakaigiza pambano lao mbele ya kamera 1969. Filamu ilipotoka mwaka uliofuata, Wamarekani walioneshwa Marciano akishinda raundi ya 13. Waingereza wakaoneshwa Ali.

Kabla hujanijibu, taja pambano liwe la raundi ngapi: 12 za enzi za Tyson au 15 za enzi za Ali? Na refa usiwe wewe.