Barua kwa Mwanangu Aliyeko Dundee

Leuchars, Fife
Julai 1887

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika salama pamoja na hawala ya fedha. Baba yako ameisoma mara mbili kwa sauti, lakini mimi sikusikia lolote baada ya pale ulipoandika kwamba likizo ya kiwanda ikianza utakuja kwa treni, kwa kuwa daraja jipya la mto Tay limekwisha kufunguliwa. Nakuomba uvuke kwa meli ya kivuko mpaka Newport, kama ulivyovuka miaka yote hii. Baba yako atakungoja hapo na mkokoteni.

Najua utasema kwamba daraja hili si lile. Baba yako naye huniimbia wimbo huohuo kila jioni: kwamba hili lina njia mbili za reli badala ya moja, na kwamba lile la mhandisi Sir Thomas Bouch, lililoanguka mtoni pamoja na treni, halikufikisha hata miaka miwili kwa sababu, kama uchunguzi ulivyosema, lilisanifiwa vibaya, likajengwa vibaya na likatunzwa vibaya. Lakini ni yeye huyohuyo aliyeniambia kwamba mihimili ya zamani iliyosalimika imehamishiwa kwenye daraja jipya, na kwamba injini iliyoopolewa mtoni ilitengenezwa ikarudishwa kazini, watu wa reli wakaibandika jina la Mpiga Mbizi. Wanaoweza kufanyia mzaha chuma kile, mimi siwaamini. Visiki vya nguzo za zamani bado vimejipanga majini kando ya daraja, nawe ukipita kwa treni utavihesabu, utake usitake.

Jioni ile ya Jumapili, 28 Desemba 1879, daraja lilipoanguka, sitaisimulia, maana ulikuwepo, na ni wewe uliyekataa kutoka katika upepo ule. Ila kila mhubiri aliposema kwamba Mungu amewaadhibu waliosafiri siku ya Sabato, mimi nilikuwa nikitazama mikono yangu, kwa sababu shali yako ilikuwa imekwisha tundikwa mlangoni, na si wewe uliyeitundika. Ujira wa Jumatatu moja ulikuwa shilingi ngapi hata nitake uende?

Nasikia wafumaji wa huko huenda kazini wamevaa kofia na glavu ili wasidhaniwe kuwa wasokotaji. Vaa, mwanangu, umezitolea jasho, na sikuficha furaha yangu nilipomweleza jirani. Lakini usimpite tena shangazi yako mlangoni mwa kanisa kana kwamba humjui. Kikohozi chako hukukitaja. Vumbi la juti, hizo nyuzi za magunia mnazofuma, silijui, ila ukimya wako naujua.

Hapa nyumbani nimejaza godoro lako makapi mapya ya oti, na mlango wa kitanda cha kabati, ule uliokuwa ukilia usiku, baba yako ameupaka mafuta. Nguruwe ananenepa vizuri. Sanduku la unga limeshuka kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa kaka yako anakula kama wawili, na sasa anataka kubadili mwajiri Novemba bila kutuuliza. Ukija useme naye, wewe anakusikia.

Katika fedha ulizotuma nimetoa nauli ya kivuko na kukurudishia kwa stempu, zimo humu ndani ya bahasha. Usizitumie kwa barua.

Mama yako