Barua ya wazi kwa Balozi wa Marekani nchini Tanzania kuhusu Suleiman Abdullah Salim

Mheshimiwa Balozi,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mwalimu wa madrasa hapa Unguja, na ninaandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu.

Mwaka jana nilialikwa pamoja na maimamu na walimu wenzangu kwenye warsha ya siku mbili kuhusu misimamo mikali ya dini. Tulipewa faili, kalamu na karatasi ya ahadi ya kutia saini, kwamba tutaulaani ugaidi popote utakapotokea. Nilitia saini bila kusita, maana nimekuwa nikiulaani tangu Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998, balozi zenu za Dar es Salaam na Nairobi zilipolipuliwa kwa mabomu. Ndipo mzee mmoja aliyekaa safu ya nyuma, kofia yake ya viua ikiwa magotini, akanyoosha mkono na kuuliza kwa upole kama ipo pia karatasi ya kuwalaani waliomtesa Suleiman. Mwezeshaji alitazama saa, akasema swali hilo liko nje ya mada na chai iko tayari. Tukaenda kunywa chai. Swali la yule mzee halijanitoka tangu siku hiyo, nami ndilo ninalokuletea.

Suleiman Abdullah Salim ni Mtanzania aliyekuwa akiishi kwa uvuvi na biashara ndogondogo. Mwaka 2003 alikamatwa Mogadishu, akapitishwa Kenya na Djibouti, na hatimaye akafikishwa Afghanistan katika gereza la siri la CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Huko aliwekwa katika giza totoro huku muziki ukipigwa kwa sauti kubwa, akafungwa minyororo ukutani, akapigwa, akamwagiwa maji ya baridi, akafungiwa ndani ya sanduku. Aliachiwa mwaka 2008 bila kufikishwa mahakamani hata siku moja, akiwa na karatasi ya jeshi la Marekani inayosema kwamba yeye si tishio. Miaka mitano ya uhai wa mtu, Mheshimiwa, na mkononi mwake karatasi moja.

Haya si maneno ya barazani. Jina lake limo katika ripoti ya Kamati ya Ujasusi ya Seneti yenu, ambayo muhtasari wake ulitolewa Desemba 2014, na humo imeandikwa kwamba kati ya watu 119 waliopita katika magereza hayo, wasiopungua 26 walishikiliwa kinyume hata cha masharti ya CIA yenyewe. Kampuni ya wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu zile ililipwa dola milioni 81 kabla mkataba wake haujakatishwa mwaka 2009. Uchunguzi wa Wizara yenu ya Sheria ulifungwa mwaka 2012 bila mtu yeyote kushtakiwa. Gina Haspel, aliyesimamia gereza la namna hiyo nchini Thailand mwaka 2002, alithibitishwa na Seneti Mei 2018 kuwa Mkurugenzi wa CIA. Suleiman alikwenda mwenyewe mahakamani kupitia mawakili, na kesi yake dhidi ya wale wanasaikolojia ikamalizwa kwa makubaliano Agosti 2017, wiki chache kabla ya kusikilizwa. Kutoka kwa Serikali iliyomfunga, sisi wa huku hatujasikia neno la radhi.

Lipo jingine linaloniuma zaidi, kwa kuwa linawahusu waliouawa. Bomu la Dar es Salaam liliua watu 11, wakiwemo walinzi wa langoni, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Mtu wa Zanzibar aliyeshtakiwa kwa kushiriki, Ahmed Khalfan Ghailani, alipofikishwa mbele ya mahakama ya New York mwaka 2010, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa upande wa mashtaka kwa sababu jina lake lilipatikana kwa kumshurutisha mshtakiwa alipokuwa mikononi mwa CIA. Kati ya mashtaka 285, Ghailani alitiwa hatiani kwa moja tu, la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya Marekani. Alifungwa maisha, ni kweli, lakini mashtaka yote ya mauaji alifutiwa. Mjane wa mlinzi wa Dar es Salaam angeelezwaje hukumu hiyo? Mateso yaliyosemwa kuwa ni kwa ajili ya usalama ndiyo yaliyomnyima haki ya kumsikia shahidi yule mahakamani.

Mheshimiwa, sikuandikii ili kujificha nyuma ya kosa lako. Walioweka bomu lile walitaja jina la Mwenyezi Mungu, na baadhi yao walitoka katika mitaa yetu, wakasali katika misikiti yetu. Nawakumbuka watu wazima waliosema siku zile kwamba yaliyotokea ni shauri la Wamarekani, ilhali maiti zilikuwa za Waafrika, na namkumbuka kila aliyenyamaza kwa kuogopa kuonekana anaisaidia nchi ya kigeni. Ninawafundisha watoto kwamba Sura ya Al-Maida inatuamrisha chuki yetu kwa watu isituzuie kuwafanyia uadilifu, na agizo hilo halimsamehe Mwislamu anayelia kwa ajili ya wafungwa wa gereza la Marekani la Guantanamo na kukaa kimya mwenzake anapoua. Nyani haoni kundule, na katika hili sote tumekuwa nyani.

Hata hivyo, aliyeshika karatasi ya ahadi na kalamu ana wajibu wa ziada. Kila mwaka Wizara yenu ya Mambo ya Nje hutoa ripoti ya haki za binadamu, na ndani yake imo sura ya Tanzania. Mengi yanayosemwa humo ni ya kweli na tunayahitaji yasemwe: hapa kwetu masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande kwa miaka mingi hadi Juni 2021, mashtaka yalipofutwa. Lakini kila mara mtu anapotaka kulisemea jambo la namna hiyo kwa kutumia maneno yenu, hujibiwa haraka kwamba hao wanaotufundisha wana magereza yao, na mazungumzo huishia hapo. Anayeumia ni mahabusu wetu, ambaye hakuwahi kufika Washington.

Ninachokuomba kinaweza kufanyika ofisini kwako. Toa tamko, kwa Kiswahili, linalomtaja Suleiman Abdullah Salim kwa jina lake kamili na kusema wazi kwamba raia huyu wa Tanzania alishikiliwa na kuteswa na Serikali ya Marekani bila kushtakiwa kwa kosa lolote, na kwamba Serikali hiyo inamwomba radhi. Tamko hilo lipelekwe Washington pamoja na ombi la fidia itakayotoka kwa Serikali yenyewe. Na warsha nyingine kama ile ikiandaliwa, naomba aalikwe yule mzee wa safu ya nyuma, aulize tena swali lake, na ajibiwe kabla ya chai.

Wako,
Mwalimu wa madrasa, Unguja