Kasha Tupu

Shoga yangu,

Kitabu cha The Spanish Tragedy, ule mchezo wa kuigiza wa Thomas Kyd, kimenifikia, ila kona moja imelowa. Sijui ni mvua au soda ya kondakta. Nimekimaliza usiku wa kuamkia leo.

Nianze na ugomvi. Uliniambia nikifika kwenye kasha nitacheka nishike mbavu. Kweli nilicheka, halafu nikajiona mjinga. Lawama ni zako.

Unakumbuka: Lorenzo, yule mkubwa wa Hispania, na wenzake wameshamuua Horatio bustanini, sasa anataka kuwaziba midomo vibaraka wake. Anamtuma Pedringano akampige risasi Serberine, na askari wa doria keshawapanga palepale. Pedringano anakamatwa, wala hana wasiwasi. Bwana wake kamwahidi msamaha, na kijana katumwa aulete ndani ya kasha, marufuku kulifungua. Kijana analifungua. Hamna kitu! Analibeba hivyohivyo hadi penye kitanzi, anasimama akilionyesha kwa kidole, na Pedringano kwa kuliona tu anamfanyia mnyongaji mzaha, anabishana naye kuhusu nguo atakazorithi, mpaka anasukumwa.

Hakimu ni Hieronimo, baba wa Horatio, asiyejua kuwa anayemhukumu alikuwapo mwanawe alipouawa. Kisha mnyongaji anapekua maiti, anatoa barua ya Pedringano kwa Lorenzo, yote yamo. Mtu kanyongwa asiseme, na ndiye aliyesema. Barua ya kwanza, ile Bel-imperia, dada wa Lorenzo aliyempenda Horatio, aliyoiandika kwa damu yake kuwataja wauaji, Hieronimo aliidhania mtego. Ya maiti ndiyo aliyoiamini.

Wewe unashikilia kwamba yote ni majaaliwa, kwani Kisasi, aliyefanywa mtu mchezoni, amekaa pembeni na mzimu wa Andrea, mpenzi wa kwanza wa Bel-imperia aliyeuawa vitani, tangu mwanzo na ameshatoboa nani atamuua nani. (Ule mwanzo wa kuzimu na vita, nisamehe, niliuruka nikaurudia baadaye.) Sasa mbona Kisasi analala usingizi? Andrea anapiga kelele kumwamsha, anajibiwa kwamba hata akilala kazi inaendelea. Kazi hiyo anaifanya nani? Lorenzo mwenyewe! Asingemtuma yule kijana na kasha, Pedringano angeropoka pale kitanzini au angeokolewa, na barua isingetoka mfukoni mwa maiti. Majaaliwa yamelala, hila ndiyo inayokesha.

Halafu mchezo wa mwisho kule ikulu, ule Hieronimo anaouandaa ili amlipizie mwanawe. Lorenzo, mwenzake Balthazar mwana wa Liwali wa Ureno, na Bel-imperia wameshakata roho kwa visu vya kweli, na Mfalme wa Hispania anampongeza Hieronimo kwa uigizaji mzuri. Liwali wa Ureno anatania kwamba ingekuwa kweli, binti asingemtenda mwanawe hivyo. Mwanawe yule pale chini! Watu wa London walioutazama mchezo huu ukumbi wa Rose mwaka 1592 sijui walitoka na nyuso gani. Thomas Kyd mwenyewe mwaka uliofuata alikamatwa akateswa, na 1594 akafa.

Kitabu nitakurudishia mkono kwa mkono, kukituma kwa basi sitaki tena. Ukurasa wa kasha nimeuwekea uzi mwekundu. Usome upya, umtazame yule kijana badala ya Pedringano. Anamwonea huruma, ila hataki kunyongwa naye, kwa hiyo kidole chake hakishuki. Huyo ndiye aliyeninyima usingizi.

Wasalimie watoto.

Shoga yako

N.B. Chenji ya nauli ya kitabu imo ndani ya jalada. Hesabu vizuri, usije ukasema nami nimekutumia kasha.